Je, wajua kwa nini mvua ya filamu ya Rashomon ilitiwa wino?

Kama umewahi kuiangalia Rashomon, ile filamu ya Kijapani ya mwaka 1950 iliyoongozwa na Akira Kurosawa, mvua yake hujaisahau. Watu watatu wamejibanza chini ya geti bovu la Kyoto ya kale, mtema kuni, kasisi na mpita njia mmoja, na maji yanashuka kama vile mbingu imetobolewa. Maji yale yalitiwa wino mweusi. Hilo wapenzi wengi wa filamu za zamani washalisikia, ila ukiuliza sababu ndo majibu yanaanza kupishana.

Mi kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia watu kwa uhakika kabisa kwamba tatizo lilikuwa filamu ya nyeusi na nyeupe, kwamba haioni maji. Na linasikika kama jibu la maana: maji hayana rangi, filamu haina rangi, basi lazima uyatie kitu. Kumbe sivyo kabisa. Mvua ilishanaswa kwenye filamu nyeusi na nyeupe miaka na miaka kabla ya 1950. Na hata ukiondoa historia, chukua simu yako ya leo yenye rangi zote, subiri mvua ya mchana, ilenge juu angani urekodi, halafu angalia ulichopata. Utapata wingu la kijivu na sauti ya mvua, matone yenyewe utayatafuta. Kamera mpya, rangi zipo, na shida ni ile ile. Kwa hiyo lawama niliyokuwa naitupia filamu ya zamani haikuwa yake, na nasikitika nimeisambaza kwa watu wengi sana.

Kuna na jibu la pili, zuri kwa kusikia, kwamba Kurosawa alitaka mvua nyeusi kwa sababu hadithi yenyewe ni nyeusi, mtu kauawa, kila shahidi anaelezea lake na hakuna wa kumwamini. Ila yeye mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake kaeleza jambo la kawaida kuliko hilo: walikuwa wanamwaga maji kwa mipira ya magari ya zimamoto, kamera ikainuliwa kutazama geti kutokea chini, nyuma yake kuna anga la mawingu, na mvua ikapotea. Ndo wakatia wino.

Sasa mbona ipotee? Hapa ndo pananifurahisha mpaka leo.

Kaa barazani siku ya mvua uangalie mwembe wa jirani. Mbele ya yale majani meusi unaiona mvua vizuri, mistari myeupe inashuka. Halafu pandisha macho kidogo tu juu ya mwembe, angani. Mvua imetoweka, wakati ni mvua ile ile na macho ni yale yale, kilichobadilika ni kilichopo nyuma yake. Ni sawa na kumwaga chumvi kwenye sahani nyeupe, huioni, ukiimwaga kwenye kikaango cheusi unahesabu punje. Ndo maana pia usiku mvua inaonekana vizuri chini ya taa ya barabarani, manake mwanga unapiga matone na nyuma yake kuna giza.

Tone lenyewe linafanya kazi kama kile kioo kidogo cha kuchungulia mlangoni, kile ambacho ni kidogo kama shilingi lakini kinakuonyesha korido nzima. Tone linapinda mwanga na kubeba ndani yake picha ndogo, iliyopinduka, ya eneo pana la nyuma yake. Likiwa mbele ya mwembe linachota na mwanga wa anga kutoka pembeni, kwa hiyo linang'aa kwenye giza. Likiwa mbele ya anga tupu la mawingu, linabeba nini? Anga. Kijivu juu ya kijivu.

Halafu kuna mwendo. Tone kubwa la mvua ya kweli linashuka kwa karibu mita 9 kwa sekunde, na kamera ya sinema inayopiga fremu 24 kwa sekunde inafungua jicho lake kama sehemu moja ya 50 ya sekunde kwa kila fremu. Piga hesabu, katika muda huo tone limeshatembea kama sentimita 18, wakati lenyewe ni milimita chache tu. Yaani ile tofauti ndogo iliyokuwepo inatandazwa kama siagi kidogo kwenye mkate mrefu. Maji ya mpira wa zimamoto yanaweza yakawa na mwendo mdogo kuliko huo, ila mtandazo upo pale pale.

Basi una njia mbili, ubadilishe kilichopo nyuma au ubadilishe maji. Anga huwezi kulipaka rangi. Wino unazuia mwanga usipite kwenye tone, kama glasi ya chai ya rangi iliyokolea ukiiweka dirishani karibu na glasi ya maji, moja inapitisha dirisha lote na nyingine inakuwa kivuli. Hata mvua yenyewe haihitaji kuwa nyeusi tii, inatosha izidi anga kwa weusi. Ila maelezo ya Kurosawa yanahusu zile shoti za kuangalia juu, kwa hiyo wanaosema kila tone kwenye filamu nzima ni wino wanakwenda mbali kuliko alivyosema mwenyewe.

Geti nalo lina kisa chake. Lilijengwa kubwa mno kiasi kwamba paa zima lingezielemea nguzo, wakaliacha limebomoka nusu, na kwenye hadithi likakaa kama vile ni uchakavu wa miaka.

Waigizaji ni wachache: Toshiro Mifune ndo jambazi, Masayuki Mori samurai (mpiganaji wa Kijapani wa zamani) aliyeuawa, Machiko Kyō mke wa huyo samurai, Takashi Shimura mtema kuni. Kurosawa alisimulia kwamba kabla hawajaanza kupiga picha waliangalia filamu ya wanyama ya Martin Johnson, yule Mmarekani ambaye na mkewe Osa walikaa miaka Marsabit, Kenya, wakirekodi wanyama. Akatokea simba, akamwambia Mifune nataka uwe hivyo. Siku nyingine wakaenda kuangalia filamu yenye chui mweusi, Machiko Kyō akaogopa akaficha uso, na Kurosawa akaona hiyo ndo ishara anayoitaka kwa yule mke.

Na msituni karibu na mji wa Nara, walikopigia picha za ushahidi wa wale wahusika, shida ikageuka. Huko miti ilifunika jua, nyuso zikawa gizani, mpiga kamera Kazuo Miyagawa akatumia vioo vya kawaida kulichukua jua na kulirusha usoni kwa waigizaji. Ukiiangalia tena, tazama ule mwanga unaochezacheza usoni kwa Mifune akiwa amelala chini ya mti, halafu rudi kwenye geti.