Utengenezaji wa tovuti ni nini hasa?

Mgeni aliyeko Milano anatafuta kwa simu nyumba ya kulala Shela, kijiji cha Lamu, anaona picha za paa la makuti, anachagua tarehe, analipa. Kazi yote iliyowezesha hayo ndiyo utengenezaji wa tovuti: kuandika kurasa, kuandika programu inayoziendesha, na kuziangalia mwaka mzima zisilale. Watu wengi huihesabu ile ya kwanza tu, maana ndiyo inayoonekana.

Upande wa mbele wa tovuti ni kama daka la nyumba ya Lamu, mgeni hupokewa hapo. Hujengwa kwa lugha tatu. HTML hutaja kilichomo: hiki kichwa, hii picha, hiki kitufe. CSS hupanga rangi na nafasi. JavaScript, iliyozaliwa 1995, huifanya kalenda ifunguke ikiguswa. Zote tatu husomwa na kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, ndani ya simu ya mgeni mwenyewe, kwa hiyo uzito wa ukurasa anaubeba yeye. Picha iliyopigwa kwa simu hufika MB 4. Weka kumi bila kuzipunguza, na mwenye mtandao hafifu ataondoka kabla hajaona chumba. Zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600, nyingi huweza kushuka hadi KB 300 hivi, na jicho halioni tofauti.

Nyuma kuna seva, yaani kompyuta isiyozimwa iliyo mahali pengine kabisa, pamoja na hifadhidata, yaani daftari la kompyuta la vyumba, bei na tarehe. Huko hutumika lugha kama PHP, Python au JavaScript hiyo hiyo, na huko ndiko kwenye kazi. Tuseme kimebaki chumba kimoja usiku wa tarehe 24 Desemba, na watu wawili wanakibonyeza kwa wakati mmoja. Programu iliyoandikwa kwa pupa huuliza kama kiko wazi, hujibiwa ndiyo mara mbili, kisha hukiuza kwa wote. Dawa ni kuiwekea hifadhidata yenyewe sharti: chumba kimoja, usiku mmoja, mteja mmoja. Wa pili hukataliwa hata programu ikisahau kuuliza.

Malipo ya M-Pesa yana mtego wake. Mteja akishatia namba ya siri, taarifa kwamba pesa zimeingia hutumwa na Safaricom moja kwa moja kwa seva, kwenye anwani iliyotajwa wakati wa kuomba malipo. Anwani ikikosewa herufi moja, au seva ikiwa imelala dakika hiyo, pesa zimeshatoka na nafasi bado yasomeka haijalipwa. Programu nzuri haikai kungoja; muda ukipita kimya, huuliza yenyewe hali ya muamala.

Kwenye kampuni kubwa kazi hizi hugawanywa: fundi wa mbele, fundi wa nyuma, msanifu wa mwonekano, mlinzi wa seva. Malindi mara nyingi ni kijana mmoja na kompyuta yake, na mwenye hoteli ndogo asiyehitaji malipo mtandaoni atatosheka na WordPress, programu iliyo tayari ya kujengea tovuti, bila kuandikiwa kila kitu upya.

Lakini tovuti ina gharama zinazorudi: nafasi kwenye seva, na kikoa, yaani jina kama lile linaloishia na .co.ke. Hapa ndipo wenye biashara huumia zaidi kuliko kwenye programu. Fundi husajili kikoa kwa jina lake na barua pepe yake, kisha anahama au anabadilisha namba, na onyo la kulipia tena halimfikii mwenye nyumba. Kikoa kikiisha muda, tovuti hutoweka, na barua pepe zote zenye jina hilo huacha kufika, hata kama seva imelipiwa. Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, taka kikoa kisajiliwe kwa jina la biashara, na nywila yake ukabidhiwe wewe.