Wafuasi Elfu Moja Bila Mtazamaji: Dhana Potofu Kuhusu Kukuza Chaneli ya YouTube

"Nisabskraibie, nami nikusabskraibie"

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye chaneli, Dar es Salaam hadi Nairobi, kuna biashara isiyolala: kubadilishana sabskraibu. Unatupa linki yako, wenzako wanabonyeza, nawe unawabonyezea wao. Hesabu inapanda, moyo unatulia.

YouTube wanaukataza mchezo huo waziwazi, na wanaweza kuzifuta hesabu hizo au kuifunga chaneli yenyewe. Lakini hata wasipokukamata, umejipunja. Ili upate mgawo wa mapato ya matangazo unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zako fupi za Shorts zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Wengi husikia ile 1,000 tu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtazamaji wako wa kawaida anakaa dakika nne, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Mwanakundi aliyebonyeza ili umrudishie hatakupa hata dakika hizo nne, kwa sababu hakuja kukutazama. Tena saa zinazopatikana watu wanapopitisha Shorts kidole baada ya kidole hazihesabiwi humo, jambo linalowauma wengi siku wanapofungua ukurasa wa maombi.

"Algorithimu inanibania"

Hii ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo inayofariji zaidi, maana inamwondolea mtu lawama. Video imepata watazamaji 60, basi wamembania.

Hadi 2012 mtambo wa mapendekezo wa YouTube, yaani hiyo algorithimu, uliangalia zaidi video imebonyezwa mara ngapi, na vijipicha vya uongo (zile picha ndogo zinazoitambulisha video) vikajaa kila kona. Mwaka huo wakahamia kwenye muda ambao mtu anautumia kutazama, na baadaye wakaanza kuwauliza watazamaji wenyewe kama wameridhika. Kwa hiyo mtambo hauna kinyongo nawe; unachofuata ni nyendo za mtazamaji. Huyu aliyemaliza video ya kufuga kuku chotara, usiku huu angependa kuona nini? Watu mia wakionyeshwa video yako na wote wakapita, watatafutiwa kitu kingine.

Ndani ya YouTube Studio, ukurasa wa mwenye chaneli wa kusimamia video na takwimu zake, kuna mambo mawili ningependa mwenye chaneli ayasome kabla ya kumlaumu yeyote. La kwanza ni asilimia ya walioona kijipicha wakabonyeza. Kwa maelezo ya YouTube wenyewe, nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo mwenye asilimia 5 hana sababu ya kulia. La pili ni mchoro unaoonyesha watu wanaondoka wakati gani. Angalia nusu dakika ya mwanzo, kisha jisikilize ulichokuwa unasema: "Mtazamaji wetu popote pale ulipo, karibu tena kwenye chaneli yako pendwa, kabla hatujaanza usisahau kusabskraibu, kulaiki, kukomenti, kushea na kugonga kengele..." Mtu alikuja kujua namna ya kutoa doa la mafuta kwenye kanzu. Ameshaondoka na bando lake.

Tagi, yaani maneno ya utafutaji yanayoambatanishwa na video, ambazo watu hukesha wakizipanga, zina mchango mdogo sana. YouTube wanasema kazi yake kubwa ni kusaidia pale watafutaji wanapokosea tahajia. Saa ya kupandisha video nayo haibadilishi sana hatima ya video kwa muda mrefu, ukiacha habari na mpira. Uchambuzi wa Simba na Yanga ukitoka siku tatu baada ya mechi, hapo algorithimu isisingiziwe.

"Nikipata kamera nzuri nitaanza"

Kili Paul na dada yake Neema walisimama nje, kijijini kwao Tanzania, wamevaa mavazi ya Kimaasai, wakafuatisha nyimbo za filamu za Kihindi kwa midomo. Video zao zilienea kwenye TikTok na Instagram, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja kwenye kipindi chake cha redio. Hakuna aliyewauliza wanatumia lenzi gani. Kama una pesa kidogo ya kutumia, nunua maiki ya kubana kwenye kola. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini sauti iliyomezwa na upepo au jenereta ya jirani haivumilii.

"Video moja ikitrendi, nimetoboa"

Jimmy Donaldson, Mmarekani anayejulikana kama MrBeast, alianza kupandisha video mwaka 2012 akiwa na miaka 13. Ile iliyomfungulia njia, alipojirekodi akihesabu kuanzia moja hadi 100,000, ilitoka Januari 2017. Angalia kilichopo katikati. Na video ikitrendi kwa bahati, tuseme umenasa ajali au ugomvi wa wasanii, wanaokuja wanakuja kwa ajili ya tukio. Kesho yake ukiwawekea mapishi, wanapita.

"Wafuasi ndio wanaolipa"

YouTube hawalipi kwa idadi ya wafuasi. Bamba la fedha linalotolewa kwa wafuasi 100,000 ni zawadi ya kutundika ukutani; halina hundi nyuma yake.

Kinacholipwa ni mgawo wa matangazo: asilimia 55 kwa video za kawaida, na asilimia 45 ya fungu linalotengwa kwa wenye video za Shorts. Sasa, bei ya tangazo hupangwa na anayetangaza, na hutegemea sana mtazamaji yuko wapi na anatazama nini. Ndiyo maana swali la "watazamaji milioni moja ni shilingi ngapi?" halina jibu moja. Milioni ya watu wa Mwanza na Kisumu wanaotazama vichekesho haiwezi kulingana na milioni ya watu wa London wanaotazama ushauri wa mikopo ya nyumba. Chaneli za Kiswahili zenye watazamaji wengi ughaibuni hulijua hilo vizuri.

Lakini ughaibuni kuna makato yake. Tangu 2021, mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya Marekani, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na nchi hiyo, makato ni asilimia 30 ya sehemu hiyo. Usipojaza fomu ya kodi kwenye AdSense, mfumo wa Google unaolipa mapato ya matangazo, unaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yako yote duniani, hata kama Marekani hakuna anayekutazama. Jaza. Andika pia anwani ya posta inayofanya kazi, kwa sababu ukifikisha dola 10 hutumiwa barua yenye namba ya uthibitisho, na malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100. S.L.P. ya shule uliyomaliza zamani haitakusaidia.

Kwa chaneli ndogo ya hapa kwetu, mwenye duka la simu Kariakoo anayelipia kutajwa ndani ya video mara nyingi ana maana kuliko AdSense. Kumbuka tu kuweka alama kwamba video ina tangazo la kulipiwa. YouTube wanalitaka hilo.

"Sekunde kumi za wimbo hazina shida"

Hakuna kanuni ya sekunde kumi, wala ya thelathini. Kuandika kwamba huna nia ya kuvunja hakimiliki hakukupi ruhusa, na kumtaja mwenye wimbo pia hakutoshi. Mfumo wa Content ID umekuwa ukilinganisha sauti na picha tangu 2007, na wale wanaogeuza filamu kushoto kulia au kuizungushia fremu wanajisumbua. Dai la Content ID mara nyingi huyapeleka mapato kwa mwenye kazi. Straiki ya hakimiliki, yaani onyo rasmi kwa chaneli, ni nzito zaidi, na tatu ndani ya siku 90 zinaweza kuifuta chaneli.

Hata asipojitokeza mdai, chaneli inayokusanya klipu za wengine au kuzalisha video za kufanana, sauti ya kompyuta ikisoma juu ya picha za mtandaoni, inaweza kukataliwa siku ya kuomba malipo.

"Chaneli ya habari ni kama chaneli nyingine yoyote"

Kwa YouTube, karibu ni hivyo. Kwa sheria za Tanzania, hapana. Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilianza 2018 zikiwa na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na zimebadilishwa mara kadhaa. Marekebisho ya 2022 yalilielekeza sharti la leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Anayerekodi mikutano ya siasa na taarifa za polisi ayasome kabla hajapandisha ya kwanza. Anayefundisha kupika pilau aendelee na vitunguu vyake.