Kihisi kimoja, maabara tatu, majibu matatu

Vyuo vikuu vitatu vinapogawana vihisi vya glukosi vya toleo moja, kisha majibu yakapishana, wa kwanza kubebeshwa lawama huwa kimeng'enya. Mara nyingi kinaonewa. Kimeng'enya hicho, glukosi oksidesi, ni kivumilivu. Vinavyopishana ni myeyusho wa sukari, elektrodi ya rejeo (ile ambayo volti hupimwa kwa kuilinganisha nayo) na mkono uliodondosha tone.

Kihisi chenyewe ni kipande cha kauri au plastiki cha sentimita 3 hivi. Juu yake zimechapwa elektrodi tatu: ya kupimia (ya kaboni, yenye kipenyo cha milimita 4), ya usaidizi, na ya rejeo (ya fedha na kloridi ya fedha). Tone la mikrolita 100 linazifunika zote. Mbinu ilitokana na ile ya Clark na Lyons ya mwaka 1962, iliyofuatilia oksijeni inayopungua; hapa kimeng'enya hutumia glukosi na oksijeni, hutoa haidrojeni peroksidi, na elektrodi huisoma kama mkondo wa umeme. Elektrodi ya platinamu hudai takriban volti +0.6 au +0.7, na hapo vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli huongeza mkondo wa uongo. Kwa hiyo juu ya kaboni tunatumia bluu ya Prussia, rangi yenye chuma, inayosoma peroksidi karibu na volti 0. Ila pH ikipanda juu ya 7.4, bluu hiyo huanza kumeguka na mkondo hushuka kila unaporudia kipimo.

Mimi huanza na mashine inayotoa volti na kusoma mkondo. Funga kipingamizi cha megaomu 1 badala ya kihisi, weka volti 0.5, usome nanoampea 500. Kinagharimu senti tu, lakini kinamaliza nusu ya mabishano ya barua pepe.

Kisha elektrodi tupu 10, zisizo na kimeng'enya, ndani ya ferisianidi ya potasiamu milimola 5 kwa lita na kloridi ya potasiamu mola 0.1, ukipandisha na kushusha volti kati ya −0.2 na +0.6. Kinadharia vilele viwili vya mkondo, cha kupanda na cha kushuka, hutengana kwa milivolti 59. Kaboni ya kuchapwa hufika 100 na zaidi, wala si kasoro. Vilele vyote vikihamia upande mmoja kwa pamoja, tazama rejeo. Fedha hiyo hufuata kloridi iliyomo kwenye tone: kloridi ikipungua mara 10, volti husogea kama milivolti 59, huku skrini ikionyesha namba ile ile. Maabara iliyotengeneza bafa ya fosfeti (myeyusho unaoshikilia pH) bila chumvi ya kloridi inafanya jaribio jingine kabisa.

Sukari nayo ina hila. Pima gramu 0.901, yeyusha katika bafa hadi mililita 50, upate milimola 100 kwa lita. Usiitumie siku hiyo. Glukosi ina maumbo mawili, alfa na beta. Kimeng'enya hutambua ya beta, ilhali unga wa dukani kwa kawaida ni alfa. Myeyusho ukilala usiku kucha beta hufika kama asilimia 64. Anayeharakisha huona mkondo ukipanda saa baada ya saa, akadhani kihisi "kinaamka".

Kudondosha tone la kimeng'enya, mikrolita 5, ndiko kunakotenganisha fundi na fundi. Likikauka haraka chini ya feni, protini hukimbilia ukingoni na kuacha katikati patupu. Utaona pete nyeupe kwa jicho. Funika kwa kifuniko chenye karatasi mbichi likauke polepole. Tone likigusa rejeo, tupa.

Kuhusu kiwango cha chini kinachosomeka, yaani mara 3 ya mtawanyiko wa sampuli zisizo na sukari, ukigawanya kwa mteremko wa mstari wa mkondo dhidi ya glukosi: tumia vihisi 10 tofauti. Kusoma kihisi kimoja mara 10 ni kujisifia, hasa kama kitatumika mara moja na kutupwa.

Imebaki oksijeni, ambayo kimeng'enya hukihitaji. Bafa iliyoshiba hewa kwenye usawa wa bahari, nyuzi 25, ina takriban milimola 0.25 tu kwa lita. Nairobi, karibu na mita 1,700, hupungua kwa asilimia 18 hivi, kwa hiyo mstari wa glukosi hupinda mapema kuliko Dar es Salaam. Dar nako chumba kina nyuzi 30, na kimeng'enya hukimbia. Wote wapimie kwenye bloku ya nyuzi 25, wazimue sampuli hadi chini ya milimola 1, na karatasi ya matokeo iwe na safu ya shinikizo la hewa.