Vita tunavyovihesabu vibaya: dhana potofu kuhusu vita, ugaidi na itikadi kali

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali tunaijua sote, lakini vita vikizuka macho yetu hubaki kwa fahali: nani ameteka mji upi, vifaru vingapi vimeteketea, kamanda gani ameuawa. Nyasi hutajwa mwishoni mwa taarifa, tena kwa makadirio. Naamini dhana nyingi potofu kuhusu vita na ugaidi huanzia kwenye kosa hilo la kuhesabu. Mtu asiyejua vita huua nani ni rahisi kumshawishi kwamba vita fulani ni vya haki.

Dhana: Vita huua kwa risasi na mabomu

Huua kwa hayo pia. Lakini Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilikadiria kwamba hadi mwisho wa 2021 vita vya Yemen vingekuwa vimesababisha vifo 377,000, na kwamba karibu asilimia 60 ya vifo hivyo havikutokana na silaha moja kwa moja. Vilitokana na njaa, maji machafu na maradhi yanayotibika. Wengi wa waliokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Namna inavyotokea haina siri. Kombora likipiga kituo cha umeme, pampu za maji husimama. Watu huchota kwenye madimbwi, na kipindupindu huingia. Daraja likivunjwa, gari la chanjo halivuki. Mkulima akikimbia wakati wa kupanda hapati mavuno, na mwaka unaofuata hana hata mbegu. Mama anayeshikwa na uchungu usiku na kuhitaji upasuaji hana pa kwenda, kwa sababu kuna amri ya kutotoka nje. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeandikwa kwenye orodha ya waliouawa vitani.

Wala si jambo la zama hizi tu. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 na kufika hadi 300,000, na wengi wa waliokufa waliuawa na njaa. Miaka michache baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwakusanya wapagazi wa Kiafrika kubeba mizigo ya jeshi lao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa malaria, kuhara damu na lishe duni. Jina Kariakoo limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps kwa Kiingereza. Tunalitamka kila siku bila kuwakumbuka.

Dhana: Mkataba ukitiwa saini, gharama zimekwisha

Vita vya Msumbiji vilimalizika kwa mkataba wa 1992. Nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini mwaka 2015. Miaka 23 katikati hapo, mtoto aliyezaliwa baada ya amani aliweza kupoteza mguu kwa vita asivyovijua.

Wapiganaji nao hurudi na vita vifuani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walikadiria mwaka 2021 kwamba wanajeshi na maveterani wa nchi hiyo waliojiua katika miaka ya vita iliyofuata mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ni 30,177. Waliouawa katika operesheni za kivita zenyewe walikuwa 7,057.

Dhana: Vitani kila kitu ni halali

Sivyo, na haijawahi kuwa hivyo. Mikataba ya Geneva ya 1949 na itifaki zake za 1977 zinakataza kuwalenga raia, kuwatesa mateka na kutumia njaa ya raia kama silaha. Hata shabaha ikiwa ya kijeshi kweli, hairuhusiwi kuipiga iwapo madhara kwa raia yatapita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi inayotarajiwa. Na kosa la upande mmoja haliupi upande wa pili ruhusa ya kukosea. Hapo ndipo serikali nyingi hujikwaa, zikidai kwamba ukatili wa magaidi umezifungua mikono.

Dini zilisema hayo kabla ya wanasheria. Katika mapokeo ya Kiislamu, Abu Bakr, khalifa wa kwanza, aliliagiza jeshi lake lisiue wanawake, watoto wala wazee, lisikate miti ya matunda, na liwaache watawa katika nyumba zao za ibada. Wanateolojia wa Kikristo, akiwamo Thomas Aquinas, waliweka masharti ya vita vya haki: vitangazwe na mamlaka halali, viwe na sababu ya haki na nia njema.

Lakini nitakuwa mwongo nikiishia hapo. Wenye dini wameyavunja masharti hayo mara nyingi, tena mbele ya viongozi wao. Mwaka 1204 Wapiganaji wa Msalaba, waliotoka kwao wakisema wanakwenda kuikomboa Yerusalemu, waliuvamia na kuupora mji wa Kikristo wa Konstantinopoli. Maandiko hayakuwazuia.

Dhana: Ugaidi una dini yake

Waliomuua Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani wa India, kwa bomu la kujilipua mwaka 1991 walikuwa Tamil Tigers wa Sri Lanka, kundi lililopigania taifa, si dini. Bomu la Oklahoma City la 1995, lililoua watu 168, lilitegwa na Mmarekani aliyeichukia serikali yake. Mwaka huohuo dhehebu la Aum Shinrikyo lilimwaga sumu ya sarin katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Joseph Kony wa Uganda aliteka maelfu ya watoto akidai kutumwa na roho, na kundi lake alilipa jina la Jeshi la Upinzani la Bwana.

Na wanaokufa je? Bomu la Mogadishu la Oktoba 14, 2017, liliua zaidi ya watu 500, karibu wote Waislamu. Desemba 2015 Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo ili Wakristo wauawe. Waislamu wakakataa. Tayari wanawake walikuwa wamewapa Wakristo mavazi yao ya kujistiri ili wasitambulike.

Dhana: Mwenye itikadi kali ni mtu aliyezama mno katika dini

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huwafanya wachamungu washukiwe na wauaji waonekane wacha Mungu. Mwaka 2017 UNDP ilichapisha matokeo ya mahojiano na mamia ya watu waliokuwa wamejiunga na makundi ya itikadi kali barani Afrika. Asilimia 57 walikiri kwamba uelewa wao wa maandiko ulikuwa mdogo au haukuwepo kabisa. Waliosoma elimu ya dini kwa angalau miaka sita uwezekano wao wa kujiunga ulikuwa mdogo zaidi.

Elimu ya shule peke yake haikingi. Aum Shinrikyo walikuwa na wanasayansi na daktari bingwa wa upasuaji wa moyo. Kwa maoni yangu itikadi kali huanza pale mtu anapoamini kwamba anajua apendalo Mungu kuliko yeyote mwingine, na kwamba anayemuuliza swali ni adui wa Mungu. Hilo linawezekana kwa msomi na kwa asiyejua kusoma.

Dhana: Nguvu ya kijeshi ndiyo humaliza ugaidi

Katika utafiti huohuo, asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatimaye kujiunga ni kitendo cha serikali, mathalani kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Tafakari hilo unaposikia kijiji kimeshambuliwa kwa sababu magaidi walipita hapo.

Taasisi ya RAND ya Marekani ilichunguza makundi ya kigaidi yaliyokoma kati ya 1968 na 2006. Asilimia 43 yaliingia katika siasa, na asilimia 40 yalivunjwa na kazi ya polisi na ujasusi. Yaliyomalizwa na jeshi ni asilimia 7 tu. Jeshi linaweza kulazimika kuingia, sikatai, hasa kundi linapokuwa limeteka ardhi na watu wake.

Mazungumzo nayo si njia ya raha. Vita vya Ireland ya Kaskazini vilikuwa vimeua takriban watu 3,500 katika miaka 30 mkataba wa Aprili 10, 1998, ulipotiwa saini. Moja ya masharti yake lilikuwa kuwaachia, ndani ya miaka miwili, wafungwa wa makundi yaliyosimamisha mapigano. Familia za waliouawa zingewaona waliohukumiwa kwa mauaji yale wakirudi majumbani mwao. Hilo lilijulikana wazi mwezi uliofuata wananchi walipoulizwa kwa kura ya maoni kama wanaukubali mkataba, na wapiga kura saba kati ya kumi wakasema ndiyo.