Je, wajua kwa nini matarumbeta ya New Orleans hupiga funk, muziki wa dansi wenye mdundo mzito, bila gitaa la besi?

Gitaa la besi linataka umeme, na bendi za New Orleans, Marekani, hupiga zikitembea. Gwaride la Jumapili katika mitaa kama Treme huchukua saa nne hivi, na kila chombo hubebwa na mtu. Kwa hiyo besi yote hutoka kwenye susafoni, yaani tuba iliyozungushwa mwilini na kulala begani, mdomo wake mpana ukiwa juu ya kichwa cha mpigaji.

Zamani kazi kubwa ya susafoni ilikuwa kuwapa watu mwendo wa kutembea. Vyama vya kufa na kuzikana vya Wamarekani weusi viliajiri bendi kusindikiza marehemu: kwenda makaburini nyimbo za huzuni, taratibu, wakishaagana naye, mdundo unachangamka na watu wanarudi wakicheza. Wale wanaoifuata bendi nyuma kwa kucheza huitwa mstari wa pili.

Kufikia miaka ya 1960 wapigaji wengi walikuwa wazee, na vijana walikuwa na James Brown wao, nyota wa funk. Aliyeokoa jahazi ni mkongwe wa banjo, Danny Barker, aliyekusanya watoto katika kanisa la Fairview Baptist mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawafunza. Kutokana na mbegu hiyo, mwaka 1977 ikazaliwa Dirty Dozen Brass Band.

Hapo ndipo tuba ilipobadilika. Kirk Joseph aliipiga kama gitaa la besi, akirudiarudia kipande kifupi chenye nguvu hadi nyonga zitii. Sikiliza "Blackbird Special" ya mwaka 1984 uone besi ilivyoubeba wimbo. Lakini mpiga gitaa hahitaji pumzi ili noti itoke. Mpiga tuba anaihitaji. Anapoivuta, panabaki kijinafasi, na ngoma zinakijaza. Ngoma zenyewe hugawanywa kwa watu wawili: mmoja ana ngoma ndogo, mwenzake ana ngoma kubwa yenye toazi juu yake, ambalo hulipiga kwa waya wa henga ya nguo au bisibisi. Ule mlio mkali unaosikika mbali ndio huo.

Wapo wazee waliolalamika kwamba vijana wameharibu mila. Mimi naona funk ilikuwa ya nyumbani. The Meters, bendi ya funk iliyoanzishwa New Orleans mwaka 1965, ilikuwa na mpiga dramu Zigaboo Modeliste, ambaye alikulia kwenye midundo hiyohiyo ya magwaride akaiingiza studio. Vijana wa Dirty Dozen waliirudisha barabarani.

Mwaka 1983 mpiga tuba Philip Frazier na mpiga tarumbeta Kermit Ruffins, wakiwa bado wanafunzi wa sekondari, walianzisha Rebirth Brass Band pamoja na wenzao. Mwaka 2012 bendi hiyo ilitwaa tuzo ya Grammy, besi ikiwa bado ni ya tuba.