Kupima umetaboli: yanayosemwa na yanayopimwa

Wengi wakisikia kwamba mtu anakwenda kupimwa umetaboli, yaani namna mwili unavyokitumia chakula kupata nishati, hudhani kwamba atatolewa damu kama anayepimwa sukari. Damu hueleza mengi, lakini haisemi mwili unatumia nishati kiasi gani kwa siku. Jibu hilo hutafutwa katika pumzi. Mtu hulala ametulia, hajala tangu usiku, kichwa kimefunikwa kwa kifuniko cha plastiki angavu, huku mashine ikipima oksijeni anayoitumia na kabonidioksaidi anayoitoa. Kwa kanuni aliyoichapisha mwanasayansi Weir mwaka 1949, anayetumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika na kutoa mililita 200 za kabonidioksaidi anatumia takriban kilokalori 1,700 kwa siku, kabla hata hajainuka kitandani. Uwiano wa gesi hizo nao hudokeza kinachounguzwa mwilini: ukikaribia 1.0 ni wanga, ukishuka kuelekea 0.7 ni mafuta.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mtu mnene ana umetaboli wa polepole na mwembamba ana wa kasi. Vipimo husema kinyume, kwani mwili mkubwa ukiwa umepumzika kwa kawaida hutumia nishati nyingi kuliko mdogo, kwa kuwa una tishu nyingi zaidi za kuhudumia. Ugonjwa wa tezi ya thairoidi unaweza kweli kushusha umetaboli, na kabla ya vipimo vya homoni kupatikana madaktari waliutambua kwa kupima pumzi, lakini hauelezi unene wa watu wengi. Umri nao husingiziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha watu zaidi ya 6,400 wa kuanzia siku 8 hadi miaka 95, ulionyesha kwamba ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, matumizi ya nishati hayabadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kitambi cha miaka 40, basi, kitafutiwe sababu nyingine.

Tanzania imetoa ushahidi unaowashangaza hata wataalamu. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, ambao hutembea na kuchimba mizizi karibu kila siku, walipimwa kwa maji yenye aina nzito za haidrojeni na oksijeni: mtu huyanywa, kisha mkojo wake hukusanywa kwa siku kadhaa, na tofauti ya kasi ya kutoweka kwa elementi hizo mbili huonyesha kabonidioksaidi aliyoitoa akiwa katika shughuli zake za kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, kwa kulinganisha watu wa mwili sawa, hawakutumia nishati nyingi kwa siku kuliko watu wa Marekani na Ulaya. Hilo halina maana kwamba mazoezi ni bure, kwani moyo na misuli huyahitaji; lina maana kwamba hesabu ya "nimekimbia, kwa hiyo nimechoma kiasi kadhaa" si rahisi kama saa za mkononi zinavyoahidi.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi dhana potofu huwa na madhara ya haraka zaidi. Hudhaniwa kwamba fomula ya kukadiria nishati anayohitaji mgonjwa inatosha, ilhali ile maarufu ya Harris na Benedict ya mwaka 1919 ilitokana na watu wenye afya, si mtu mwenye majeraha ya moto au aliyelazwa usingizi kwa dawa. Anayelishwa kwa mpira kupita mahitaji yake hupandwa na sukari na kuzalisha kabonidioksaidi zaidi, jambo linaloweza kuchelewesha kuondolewa kwenye mashine ya kupumulia. Hata hivyo kipimo cha pumzi nacho kina mipaka: hewa ikivuja, au mgonjwa akipewa oksijeni ya zaidi ya asilimia 60, namba zake haziaminiki.

Kwa mifugo, wengi huamini kwamba chakula chenye nishati nyingi ndicho bora. Mabua makavu ya mahindi na punje zake, vikichomwa kwa kilo moja moja maabara, hutoa joto linalokaribiana. Tofauti hujitokeza baada ya kutoa kinachopotea katika kinyesi, mkojo, gesi na joto la mwili. Ndiyo maana ng'ombe huwekwa katika chumba kilichofungwa, kinachopitisha hewa iliyopimwa inapoingia na inapotoka. Humo pia hubainika kwamba gesi ya methani, ambayo hubeba takriban asilimia 2 hadi 12 ya nishati ya chakula, hutoka zaidi mdomoni kwa mbweu, si nyuma kama utani unavyosema. Vyumba vya aina hiyo vipo Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Huko ng'ombe aina ya Boran waliopunguziwa sana chakula, chini ya kiasi cha kuutunza mwili, walitoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo waliyokula. Kwa hiyo makadirio ya methani yanayotegemea ng'ombe walioshiba huenda yasiwafae wanaopitia kiangazi kirefu.