Maji kung'aa si maji kupona

Simu ni ileile kila msimu wa joto: "Daktari, bwawa lilikuwa kijani, Ijumaa tukatia mrututu (chumvi ya shaba ya kuua mwani), leo yameng'aa kabisa. Wageni waingie?"

Wasiingie.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Utando ule unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika juu ya maji si mwani tunaouona ufukweni. Ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea. Sumu yao, kama vile mikrosistini inayoshambulia ini, kwa kawaida imo ndani ya seli. Ukitia mrututu au klorini nyingi, seli hupasuka kwa mkupuo. Utando unatoweka, lakini sumu imemwagika majini na haina rangi. Yaani Jumamosi hiyo bwawa linaweza kuwa baya kuliko Alhamisi lilipokuwa kijani, na sumu inaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki. Mtoto anayejifunza kuogelea humeza maji mengi. Ndiye ninayemwona akilini kila nikipokea simu hiyo. Fungeni bwawa, mlete maji yapimwe sumu yenyewe. Kisha mtafute utando ulikuwa unakula nini: mbolea ya bustani, chakula cha samaki kilichobaki, au shimo la choo la jirani. Mwamba wa matumbawe ulio chini ya ardhi yetu una matundu, na maji machafu hupita humo upesi.

"Basi tutayachemsha." Moto huua vijidudu, hauvunji mikrosistini. Agosti 2014, wakazi wa Toledo, Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe pia, maana maji hupungua kwa mvuke na sumu hubaki.

"Samaki wako hai." Samaki hai si kipimo. "Mbwa wangu huyanywa kila siku." Mbwa hulamba manyoya yake akishatoka majini, ndiyo maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufa. "Hayanuki." Sumu hii haina haja ya kunuka.

"Nilitazama, sikuona kitu." Ulitazama saa ngapi, na ukingo upi? Nenda alfajiri, maji yakiwa yametulia, kwa sababu usiku seli hizi huelea juu. Upepo ukishavuma, fuata unakoelekea: wakati wa kaskazi utando hujikusanya ukingo wa kusini, wakati wa kusi ukingo wa kaskazini. Chovya fimbo, kikining'inia kitu kama nywele, huenda ni mwani wa nyuzi, si utando ule. Vaa glavu, jaza chupa ya kioo, iandike isije ikanywewa, uilaze kwenye friji bila kuitikisa. Asubuhi, kijani kikiwa kimezama, huenda ni mwani wa kawaida. Kikiwa kimeelea juu, shuku. Chupa haitakwambia kama sumu ipo, kazi hiyo ni ya maabara. Lakini nipigie hapo, kabla mfuko wa mrututu haujafunguliwa.